Nyumba Moja ya Chatu Wawili

Mume wangu hawezi kuona mtu anakula peke yake. Ni ugonjwa, wala sitanii. Akipita mtaani hapa Isevya, Tabora, akamkuta fundi baiskeli anatafuna muhogo wake kwa amani, atasimama, atamsalimia, atachuchumaa pembeni yake na kutafuta habari ya kuzungumza mpaka muhogo uishe. Anasema anamwonea huruma. Mimi namwambia yule bwana alikuwa amejificha makusudi, kwa sababu muhogo wenyewe ulikuwa mmoja. Haelewi. Kwao wamekulia kwenye sinia, nyumba nzima mikono ndani, na anayechukua sahani akaenda nayo pembeni huulizwa kama anaumwa au kagombana na mtu. Wazee wake wako mji huu tangu enzi za misafara, na nadhani tangu wakati huo wanamwona kila mpita njia kuwa ametoka mbali na ana njaa.

Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba yaliyowapata chatu wa baba yangu hayakutokana na uzembe wala roho mbaya. Yalitokana na sinia.

Baba yangu ni mcheza nyoka. Kwetu Igunga wapo wale tunaowaita bayeye, watu wa ngoma ya nyoka, ambao mavuno yakiisha hukusanyika uwanjani na chatu mabegani, ngoma zikalia, watu wakapiga vigelegele huku wakirudi nyuma. Baba amekuwa katika ngoma hiyo tangu ujana. Kikundi chao kina kibali cha watu wa maliasili, kwa hiyo asije mtu akaniuliza. Kanisani pia anakwenda kila Jumapili, na padri wa zamani alishachoka kumwuliza.

Alikuwa na chatu wawili, wote majike. Mmoja mkubwa, mzito, mpole, ambaye baba alianza kucheza naye mimi nikiwa bado navaa sare za shule. Huyo tulimwita bibi. Wa pili alikuwa mdogo kwa umri lakini mwili ulikuwa unamkimbilia, mwenye haraka na njaa isiyokwisha, bado hajafundishika. Huyo tulimwita mjukuu, ingawa undugu haukuwapo. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake la mbao. Wakati wa kula, mmoja hulishwa nyuma ya nyumba na mwingine mbele. Nimekua nikiuona utaratibu huo na sikuwahi kuuliza sababu, kama ambavyo mtu haulizi kwa nini mlango unafungukia ndani.

Mwaka huo, mpunga ukiwa bado mbichi, baba aliteleza kwenye tuta la jaruba akavunjika mguu karibu na nyonga. Ikabidi aletwe hospitali Tabora. Tulikodi pikapu. Baba amelala nyuma kwenye godoro, jasho linamtoka kwa maumivu, lakini gari haliondoki kwa sababu masanduku hayajapakiwa.

"Baba, watabaki na baba mdogo," nikamwambia.

"Baba yako mdogo anaogopa mjusi," akasema. "Pakia."

Tukapakia. Dereva alipouliza masanduku yana nini, baba akamjibu kweli tupu, maana hajui kudanganya. Dereva akacheka sana, akidhani mzee anachangamka ili asahau mguu. Akaendesha akicheka hadi tukafika. Wakati wa kushusha, sanduku moja likapumua. Hatukumwona tena yule kijana, hata ahsante yetu hakuisubiri.

Daktari alimfanyia baba upasuaji, akatuambia mfupa utaunga, ila kutembea ni juu yake mwenyewe. Akifanya mazoezi, atatembea. Akilala tu akijionea huruma, basi, hatainuka tena. Wazee wengi, alisema, hukata tamaa kitandani.

Baba hakukata tamaa, kwa sababu moja tu. "Mavuno yakiisha nacheza na bibi," alimwambia muuguzi, na muuguzi akadhani anamsema mke wake, akamwambia hongera babu. Kila aliponyanyua mguu, akiuma meno, alikuwa anamnyanyulia yule chatu. Mjukuu asingefaa, angemvuruga uwanjani. Ilikuwa bibi au hakuna. Nami nikaliona jambo lilivyo: bibi akifa, baba hatainuka. Alinishika mkono pale wodini akasema, "Mayu, nitunzie." Ananiita mayu, yaani mama, kwa sababu nina jina la mama yake. Nikamwambia usiwe na wasiwasi, baba. Nikarudi nyumbani nikiwa na wasiwasi mimi.

Sasa mume wangu ni fundi seremala. Milango yake ya mninga inasifiwa mji mzima, na ana mikono isiyotulia. Siku ya kwanza alikuja kuchungulia masanduku, akatikisa kichwa.

"Hivi ndivyo wanavyoishi? Kila mmoja kafungiwa peke yake, kama mahabusu?"

"Ndivyo baba anavyowaweka."

"Mzee wetu alikuwa na nafasi ndogo tu, masikini. Na mbao hakuwa nazo." Akaguna kwa huruma. "Ndugu wawili wametoka kijijini, hawajuani na mtu mji huu, halafu wasionane hata wao kwa wao. Hapana. Haki ya Mungu, hapana."

Akaanza kujenga. Alifanya kazi ile kwa mapenzi ambayo kabati langu la vyombo halijawahi kuyaona, na kabati hilo nalisubiri hadi leo. Ilikuwa nyumba hasa: ya mninga, ndefu kama kitanda, mbele kioo, pembeni wavu, mlango wenye nakshi, ndani gogo la kupumzikia, beseni moja la maji na taa moja ya kuwapa joto, maana asubuhi za Tabora zilikuwa zimeanza kuwa na baridi. Majirani walikuja kuitazama. Jirani yetu muuza maandazi alisema angeolewa na mwanamume mwenye nyumba kama ile asingerudi kwao hata kwenye msiba.

Tukawatia chatu wote wawili humo. Nilikuwa na kitu kinanikereketa moyoni, lakini nyumba ilikuwa nzuri mno, na hakuna aliyenieleza ubaya wake ni nini. Wakazunguka zunguka, wakapita mmoja juu ya mwingine, kisha wakajikunja chini ya taa, mjukuu juu, bibi chini.

"Ona," mume wangu akaninong'oneza, macho yamelowa kabisa. "Wamekumbatiana."

Kuanzia hapo kila jioni alileta kiti akakaa mbele ya kioo. Alikuwa na furaha kama amewapatanisha watu waliogombana. Mimi nikaanza kuona mambo. Bibi alikuwa haachi kuwa chini. Mjukuu akitoka kwenye joto kunywa maji, bibi husogea taratibu kwenye taa, na mjukuu akirudi humpandia tena na kumfunika. Asubuhi moja tukakuta chakula kimetapikwa, na hatukujua kimetapikwa na nani. Wote wananitazama tu, hakuna anayejitaja. Halafu nikaona vidudu vyekundu, vidogo kuliko chembe ya ulezi, vinatembea kwenye magamba ya mjukuu. Alikuwa navyo yeye peke yake. Baada ya muda mfupi bibi naye akawa navyo, karibu na macho.

"Tumwambie baba," nikasema.

"Ukimwambia sasa utamtia presha. Tuwalishe vizuri, watapata nguvu."

Na hapo ndipo sinia lilipoingia. Nasema sinia lenyewe, la bati, la maua mekundu, tulilopewa harusini. Mume wangu alinunua kuku wawili, akawachinja, akawapanga juu ya sinia na kuliingiza ndani ya nyumba ile katikati kabisa. "Bismillahi," akasema, na akafunga mlango. Nilikuwa nafua. Nilimsikia anawaambia karibuni.

Mjukuu alimaliza wake bibi akiwa bado anamshika wa kwake, maana bibi hula kama mtu mzima, hana papara. Kisha yule mwenye haraka akanyoosha shingo, akanusa, akamdaka kuku wa bibi kwa upande wa miguu. Bibi naye ameshika upande wa kichwa. Wakaanza kumeza, kila mmoja kwa upande wake, wanakuja, wanakuja. Mume wangu akaniita nikaone wanavyogawana.

"Wanagawana nini!" nikapiga kelele. "Hao hawaachi! Watakutana!"

Wakakutana. Mjukuu hakusimama. Akapanua taya, akaipitisha juu ya pua ya bibi, akaendelea kumeza kana kwamba kuku hajaisha. Nikaona jicho la bibi linaingia mdomoni mwa mwenzake.

Jamani, nililia. Mume wangu alitaka kuwavuta, mmoja huku mwingine kule, anasema Yarabi, Yarabi. Mimi nikachukua simu nikampigia baba wodini. Nikaweka sauti ya juu.

"Baba! Mjukuu anammeza bibi!"

 Ikaja sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa mtoto niliyemwaga maziwa. "WAKO PAMOJA?"

"Ndiyo baba."

"Nani aliwaweka pamoja?"

Mume wangu akanitazama. Nikasema, "Baba, tuseme hayo baadaye!"

"Msivute! Meno yake yameelekea ndani, mkivuta mtamchana bibi uso. Mna gongo?"

Gongo! Ndani ya nyumba ya watu wasioonja hata togwa iliyolala! Mume wangu akasema, "Astaghfirullah, mzee, hatuna."

"Basi kitu chochote chenye ukali! Siki! Mna siki?"

Siki ilikuwepo, ya kachumbari. Nikaikimbilia jikoni, nikaangusha ndoo, nikamkanyaga jirani wa maandazi aliyekuwa tayari amefika kutazama. Baba anaelekeza kwa sauti ya juu, wodi nzima inasikia: pembeni mwa mdomo wa mjukuu, tone kwa tone, isiingie jicho la bibi, na mtu mwingine amshike mjukuu nyuma ya kichwa bila kumbana. Mume wangu alimshika. Lazima niseme, mikono ile ilitulia kama anapiga randa. Nikadondosha. Mjukuu akakunja uso, kama kweli nyoka anaweza kukunja uso, akatikisa kichwa, akaachia. Akarudi nyuma, akamwachia na kuku.

"Bibi anapumua?" baba akauliza. Sauti imeshuka, imekuwa ya mzee.

Bibi alilala kama kamba iliyokatika. Damu puani, magamba yamebanduka juu ya jicho. Niliweka mkono ubavuni kwake na kusubiri. Ukapanda. Ukashuka.

"Anapumua, baba."

Upande wa pili wa simu nikasikia muuguzi anapaza sauti: "Babu! Babu, nani alikushika ukasimama?" Hakuna aliyemshika. Hasira ilimsimamisha. Siku zote hizo walikuwa wanambembeleza asimame bila kushikwa, hataki, anasema mguu unakataa.

Aliporuhusiwa, alikuja nyumbani kwa magongo na hakuingia ndani hata kunywa maji. Alikwenda moja kwa moja kwenye masanduku ya zamani, ambamo tulikuwa tumekwisha kuwarudisha, kila mmoja na lake. Akamtoa bibi, akamtazama uso kwa muda mrefu, akampaka asali kwenye kidonda. Akaagiza maji ya vuguvugu, akawalowesha mmoja mmoja, kila mmoja na beseni lake, mpaka vile vidudu vikaelea. Mume wangu alisimama pembeni ameinamisha kichwa, mtu mzima ana mvi, kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Nisamehe, baba. Niliona wanakumbatiana."

Baba akacheka. Alicheka mpaka akashika mguu. "Mkwe wangu! Yule hakuwa anamkumbatia. Alikuwa anamkalia, joto lote liwe lake. Nyoka hana mpenzi, hana rafiki, hana ndugu. Ukimweka na mwenzake anajua kitu kimoja tu, kwamba kuna mtu kwenye chumba chake. Yule mkubwa hakugombana kwa sababu hana pa kwenda. Unamwona ametulia, kumbe amechoka." Akamfunika bibi kwa kitambaa. "Upweke ni wako wewe. Usimvishe yeye."

Mume wangu alirudi karakana siku ileile. Aliikata nyumba yake nzuri katikati, akaweka ukuta wa mbao toka chini mpaka juu, usio na tundu hata la kupitisha harufu, kila upande taa yake, maji yake, mlango wake. Nakshi ikabaki upande mmoja. Huo akampa bibi.

Lakini bibi hakula. Tukimwekea panya, anageuza kichwa. Baba alikuwa anatembea kila asubuhi kutoka kitandani hadi kwenye kioo chake, anatazama, anarudi. Ndiyo yakawa mazoezi yake. Bibi anakonda, na hatua za baba zinakuwa fupi. Nilikuwa nawaangalia wote wawili, nikashindwa kulala usingizi mzuri.

Na baba mwenyewe alikuwa hali vizuri. Tulimlaza sebuleni, kwenye kitanda kizuri, palipo na televisheni asichoke. Watoto wanamzunguka, majirani wanakuja kumpa pole asubuhi na jioni, mume wangu anamsogeza katikati ya sinia na kumwekea minofu upande wake. Baba anamega mara chache, anashukuru, anajivuta hadi ukutani. Anatulia. Mimi nilikwisha kata shauri kwamba kurudi Igunga kukaa peke yake hakupo tena. Atacheza ngoma yake, sawa, kisha tunarudi naye hapa kwetu moja kwa moja. Nilimwambia. Akasema, "Mmh." Nilidhani amekubali.

Siku moja baba akasema tumwache bibi kabisa. Tufunike kioo, asichunguliwe na mtu, hata yeye baba asiende. Ilikuwa kazi kumzuia mume wangu, nakwambia. Baada ya muda baba akaingiza sungura, akafunika tena. Tulipokuja kufunua, sungura hayupo, na bibi ana tumbo, amejikunja chini ya taa yake akiwa yeye peke yake.

Baba akapiga kofi moja la furaha. "Umeona? Alitaka kwake tu."

Mume wangu akanigeukia akanitazama. "Usinitazame hivyo," nikamwambia, na nikaenda kuosha vyombo kwa kelele nyingi.

Mavuno yakaisha. Tukaenda Igunga na pikapu ya dereva mwingine, ambaye safari hii tulimwambia mapema na kumwapia. Uwanja ulikuwa umejaa, vumbi jekundu, ngoma zinagonga hadi kifuani. Baba aliingia na gongo moja mkono wa kushoto na bibi mabegani, kovu lake juu ya jicho. Hakucheza muda mrefu. Alizunguka mara moja tu, polepole, akainama, akainuka, mguu ukamwitikia. Watu wakapiga yowe. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, na machozi yananitoka mbele ya watu.

Mume wangu nikamtafuta, hayupo. Ngoma imekwisha, bado hayupo. Begi la baba lilikuwa mkononi mwangu, nguo zake zote nimezikunja tayari kwa safari ya kurudi Isevya. Nikatangulia nyumbani kwa baba, ng'ambo ya uwanja wa baba mdogo, na huko nikasikia nyundo.

Alikuwa ndani, fundi wangu, vumbi la mbao nyweleni. Amefunga ukutani mti laini wa kushikia, wa mninga, kutoka kitandani hadi mlangoni, unaofuata urefu wa mkono wa baba. Amenyanyua kitanda ili mzee asisumbuke kuinuka. Masanduku amekwisha kuyapangia mahali, moja kona hii, la pili kona ile. Na karibu na dirisha ametengeneza meza. Nikaitazama ile meza. Ilikuwa ndogo, ya sahani moja, na kigoda kimoja.

"Umetengeneza lini?" nikamwuliza.

"Nilikuja nazo zimefungwa chini ya turubai," akasema, hanitazami. "Nikajua ukiziona tutagombana njiani."

Baba aliingia, akaupitisha mkono kwenye ule mti toka mwanzo hadi mwisho. Akaketi kwenye kigoda, akajaribu meza kwa viganja.  Kisha akaninyooshea mkono, nami nikajua anataka nini, nikampa begi.

Mke wa baba mdogo alileta ugali na mlenda, akaweka mezani akatoka. Tukaagana. Baba akatuambia twende, gari litatuacha, na akasukuma mlango ukafunga. Tukabaki uwanjani. Ndani tukamsikia ananawa, anavuta kigoda, na baada ya kidogo anaanza kuimba wimbo wake wa ngoma huku mdomo umejaa.

Mume wangu alisimama palepale kwenye mlango, mkono ameunyanyua nusu. Nilikuwa namwangalia. Kisha akaushusha, akanishika bega, tukaenda garini. Ndiyo mara ya kwanza tangu nimjue amemsikia mtu anakula na asipige hodi.